Urani ya Urusi na Sheria ya Marekani



Mazungumzo yetu ya leo yahusu sheria moja ya Marekani, fupi kwa maneno lakini ndefu kwa matokeo, ambayo Rais Joe Biden aliitia sahihi tarehe 13 Mei 2024, na ambayo yaharimisha kuingizwa nchini humo urani iliyorutubishwa katika Urusi, au iliyorutubishwa na kampuni ya Kirusi mahali pengine popote. Sababu ya marufuku hiyo ni dhahiri. Majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, na siku chache baadaye yakakiteka kituo cha Zaporizhzhia, ambacho ndicho kikubwa kupita vituo vyote vya umeme wa nyuklia katika bara la Ulaya. Kisha shirika la Rosatom, lililo mali ya dola ya Urusi, likatwaa uendeshaji wake kwa amri ya Moscow, na wafanyakazi wa Kiukraine wakatakiwa kumtumikia aliyewateka. Shirika hilo hilo ndilo lililokuwa likiwauzia Wamarekani urani. Yapata dola bilioni moja kila mwaka zilikuwa zikitoka katika makampuni ya umeme ya Marekani na kuingia katika hazina ya Rosatom, ilhali serikali ya Marekani ikiipelekea Ukraine mizinga na makombora ya kupigana na mwenye hazina hiyo. Nasema bila ya kificho kwamba jambo hilo lilikuwa aibu, na kwamba sheria ya kulikomesha ilistahiki kutungwa.

Lakini lipo swali ambalo aghalabu halikuulizwa siku ile sahihi ilipotiwa, nalo ni hili: kwa nini ilichukua muda mrefu vile?

Mafuta, gesi na makaa ya mawe ya Urusi yalipigwa marufuku na Rais tarehe 8 Machi 2022, yaani siku kumi na mbili tu baada ya uvamizi, na mwezi mmoja baadaye sheria ya kuyaharimisha mafuta ikapita katika Baraza la Seneti kwa kura 100, pasi na hata moja ya kupinga. Haikuwa kazi nzito. Marekani ndiyo nchi ichimbayo mafuta mengi kuliko nchi yoyote duniani, na kile ilichonunua kutoka Urusi kilikuwa kidogo kuliko sehemu moja katika kumi ya yote iliyoyaagiza kutoka nje. Aliyezuiwa aliweza kubadilishwa na mwingine kabla ya meli kutia nanga. Urani haikutajwa katika amri ile. Ikaachwa nje kimya kimya, ikaendelea kupakuliwa bandarini na kulipiwa, miezi ishirini na sita ikapita, na Zaporizhzhia ikiwa mkononi mwa Warusi muda wote huo. Wajumbe wale wale walioikataa petroli kwa sauti moja walinyamaza mbele ya urani, wala si kwa kukosa ushujaa, bali kwa kuwa walikuwa wanajua jambo ambalo raia wao wengi hawakulijua: kwamba kwa urani hawakuwa na pa kuondokea.

Ili tulifahamu jambo hilo sharti tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Urani itokapo ardhini hupondwa, ikaoshwa kwa tindikali, ikakaushwa hata ikawa unga wa rangi ya manjano, na unga huo ndio wauzwao na nchi zenye migodi, Kazakhstan ikiwa ya mbele yao. Haumwashii mtu taa hata moja. Katika kila chembe elfu za urani hiyo, saba tu ndizo za aina iitwayo 235, ambayo hupasuka kwa urahisi na kutoa moto. Zilizosalia, karibu zote, ni za aina ya 238, ambayo ni nzito kidogo tu kuliko mwenzake na haifai peke yake kwa kazi hiyo. Vinu vingi vya umeme hutaka chembe za 235 zifikie kati ya tatu na tano katika kila mia. Kuzitenga ni sawa na kupepeta mchele katika ungo ambamo punje na pumba zina rangi moja, umbo moja, na uzito unaokaribiana mno, hata mpepetaji sharti airudie kazi yake maelfu ya mara.

Na upepetaji huo hufanywa hivi. Unga ule hugeuzwa kuwa gesi kwa kuunganishwa na florini. Gesi hutiwa ndani ya pipa jembamba, refu, lisilo na hewa nyingine ndani yake, ambalo wenye habari za nyuklia huliita mashinepewa. Pipa huzungushwa kwa mwendo ambao ukingo wake hupita kasi ya sauti. Chembe nzito hukimbilia pembeni, na nyepesi hubakia karibu na katikati. Zile nyepesi huchukuliwa zikatiwa katika pipa la pili, na la tatu, na kuendelea, na kila pipa huzidisha faida iliyo ndogo hata haielekei kustahiki taabu yake, mpaka mwishoni mwa safu ya maelfu ya mapipa ikapatikana gesi ifaayo. Ikipoa hugeuka kuwa kitu kigumu cheupe, ikafungiwa katika mitungi minene ya chuma, na hivyo ndivyo isafirishwavyo. Ukiiendeleza safu ile ile mpaka chembe za 235 zikafika tisini katika mia, umepata cha bombu. Ndiyo maana dola huikumbatia elimu hii kwa siri na wivu, na ndiyo maana nchi ziijuazo zahesabika.

Zaidi ya sehemu mbili katika tano za uwezo wote wa kurutubisha urani duniani zimo Urusi. Marekani, yenye vinu 94 vitoavyo karibu sehemu moja katika tano ya umeme wake, ilikuwa ikipata yapata robo ya urutubishaji wake huko. Na mwenye kupenda hesabu atakuta kwamba taa moja katika kila ishirini za Marekani iliwaka kwa kazi ya mikono ya Rosatom.

Sasa, ilikuwaje taifa lililokuwa la kwanza kurutubisha urani, taifa lililojenga Oak Ridge wakati wa vita, na baadaye viwanda vya Paducah katika jimbo la Kentucky na Piketon katika jimbo la Ohio, likafikia hali ya kumtegemea hasimu wake kwa jambo hili? Hapa naomba subira yenu, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Palikuwapo Mwaustria mmoja, Gernot Zippe, aliyechukuliwa mateka na Warusi mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, akatiwa kazini katika kundi la wataalamu waliokuwa wakiibuni mashinepewa. Alipoachiliwa mwaka 1956 alirudi Magharibi, na muda si muda akaalikwa katika Chuo Kikuu cha Virginia, akaijenga tena mashine ile mbele ya macho ya Wamarekani wenyewe. Elimu, basi, iliwafikia mlangoni. Lakini viwanda vyao vikubwa vilikuwa vikitumia njia nyingine, ya kuisukuma gesi katika tando zenye vitundu vidogo mno, njia iliyokula umeme kwa kiasi cha kutisha, na maadamu umeme ulikuwa rahisi hakuna aliyeona haja ya kubadili. Hatimaye walianza kujenga ukumbi wa mashinepewa pale Piketon. Mabilioni ya dola yakatumika. Na mwaka 1985 serikali ikaamua kuuacha mradi huo, kwa kuwa palitokea tumaini jipya la kutenga chembe kwa miali ya leza. Leza nayo ikaachwa mwaka 1999. Warusi wakati huo walikuwa hawakuacha kitu. Walikuwa wakiendelea na mashine ile ile, wakiiboresha kizazi baada ya kizazi, bila ya makelele.

Kisha ukaja mwaka 1993, na mpango ambao sina budi kuutolea haki yake, kwani ni katika mambo mema machache ambayo madola mawili hayo yaliyafanya pamoja. Mtaalamu mmoja wa Chuo cha MIT, Thomas Neff, alipendekeza mwaka 1991, Dola ya Kisovieti ikiwa inabomoka, kwamba urani iliyomo katika mabombu ya Urusi ichanganywe na urani hafifu, ishushwe nguvu, na kuuzwa Marekani iwe kuni za vinu vya umeme. Pendekezo hilo likawa mkataba. Kwa miaka ishirini, tani 500 za urani ya mabombu, ambayo ingetosha vichwa vya nyuklia 20,000, zilipunguzwa makali na kupelekwa ng'ambo, na kwa miaka hiyo sehemu moja katika kumi ya umeme wote wa Marekani ilitokana na silaha zilizokusudiwa kuiangamiza miji yake. Nani awezaye kulilaumu jambo kama hilo? Mimi siwezi. Ila bidhaa iliyokuja kwa bei nafuu na kwa wingi iliwafanya wanunuzi wasahau kwamba ina mwenyewe. Shirika la serikali la Marekani lililokuwa na viwanda vya urutubishaji liligeuzwa kuwa kampuni ya wanahisa mwaka 1998, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokabidhiwa kuinunua na kuiuza urani ya Kirusi. Ikawa yapata faida kwa kuuza cha mwenziwe ilhali viwanda vyake vikichakaa. Piketon ikaacha kurutubisha mwaka 2001. Paducah ikaacha mwezi wa Mei 2013. Shehena ya mwisho ya mpango wa mabombu ikashushwa katika bandari ya Baltimore mwezi wa Disemba mwaka huo huo, na mwezi wa Machi 2014 kampuni ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, mwezi ule ule ambao Urusi iliitwaa Crimea.

Ikabaki katika nchi nzima ya Marekani karakana moja tu kubwa ya kurutubisha urani kwa biashara, iliyoko Eunice katika jimbo la New Mexico, nayo ni mali ya kampuni ya Urenco, ambayo wenyewe ni Waingereza, Waholanzi na Wajerumani.

Nawasihi sasa tuifungue sheria yenyewe tuisome. Baada ya kuharimisha, yaja na rukhsa: Waziri wa Nishati aweza kuruhusu urani ya Kirusi iingie iwapo hapana njia nyingine ya kukiendesha kinu fulani, au iwapo maslahi ya taifa yataka hivyo. Rukhsa hiyo ina kipimo. Kwa mwaka 2024 isizidi kilo 476,536. Kwa mwaka 2025 kilo 470,376. Kwa mwaka 2026 kilo 464,183. Na kwa mwaka 2027 kilo 459,083. Tazameni tarakimu hizo kwa makini. Katika miaka minne, kiasi kinachoruhusiwa kinapungua kwa kilo 17,453 tu, ambazo hazifiki hata sehemu nne katika mia. Halafu tarehe 1 Januari 2028 rukhsa zote zinakoma, na kutoka kilo laki nne na ushei panakuwa hapana hata kilo moja. Mtunga sheria aliyekuwa na kitu cha kushika mahali pa kile anachokiacha angepunguza hatua kwa hatua. Huyu ameandika vile kwa sababu anajua kwamba kwa miaka minne hatakuwa na kitu, na anaomba Mwenyezi Mungu kwamba katika mwaka wa tano atakuwa nacho.

Wapo walioziita rukhsa hizo khiyana kwa Waukraine. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Kinu cha nyuklia hakijazwi kwa siku moja. Fueli yake huagizwa miaka kabla, hurutubishwa nchi moja, hutengenezwa vidonge na fito nchi nyingine, na kinu hutiwa fueli mpya kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Kumnyima mtu umeme hospitalini ili kumwadhibu Vladimir Putin si insafu. Kosa lilikwisha kutendeka zamani, katika vyumba vya mahesabu, ambamo miaka yote ile waliokaa walilinganisha bei ya kilo moja na bei ya kilo nyingine, wasilinganishe mafundi waliobaki na mafundi waliofukuzwa. Na taifa lisilojua tena kufanya kitu haliwezi kukiharimisha ila kwa idhini ya yule akifanyaye. La kusikitisha zaidi ni kwamba kampuni iliyozaliwa upya kutoka kufilisika kule, iitwayo sasa Centrus, ambayo ndiyo iliyosimamisha tena mashinepewa chache katika ukumbi ule ule wa Piketon uliotelekezwa mwaka 1985, ilikuwa miongoni mwa waliopewa rukhsa ya kuendelea kuleta urani ya Urusi, kwa kuwa wateja wake waliahidiwa urani hiyo na yenyewe haina nyingine ya kutosha ya kuwapa.

Na Warusi hawakuketi wakingoja mwaka 2028. Tarehe 15 Novemba 2024 serikali ya Moscow ikatangaza vizuizi vyake yenyewe juu ya urani iliyorutubishwa iendayo Marekani, ikawaonyesha Wamarekani dhahiri shahiri kwamba mlango waliojiwekea una komeo upande wa pili pia.

Pamoja na hayo yote, sheria hii ina jambo moja la busara ambalo wengi wamelipita bila ya kuliona. Bunge la Marekani lilikuwa limetenga dola bilioni 2.72 za kuhuisha urutubishaji wa nyumbani, likashurutisha kwamba fedha hizo zisifunguliwe mpaka marufuku iwe sheria, na marufuku yenyewe ikawekewa muda mpaka mwisho wa mwaka 2040. Sababu yake ni hii: hapana tajiri atakayezika mabilioni yake katika safu za mashinepewa, ambazo huchukua miaka mingi kabla ya kurudisha senti moja, iwapo ana hofu kwamba vita vikiisha kesho urani ya Kirusi itarudi kwa bei ya chini na kumwangamiza kama ilivyowaangamiza waliomtangulia. Kwa hiyo marufuku hii, ijapokuwa jina lake lamtaja Mrusi, kwa hakika ni ahadi ya serikali kwa mafundi wake. Kule Kemmerer katika jimbo la Wyoming, kampuni ya TerraPower, ambayo Bill Gates ni mmoja wa waanzilishi wake, ilitangaza mwezi wa Disemba 2022 kwamba kinu chake cha namna mpya kitachelewa kwa uchache miaka miwili, kwa sababu fueli yake, iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu kidogo, ilikuwa na muuzaji mmoja tu duniani, naye ni Urusi. Hatimaye, mwezi wa Novemba 2023, mashinepewa kumi na sita za Piketon zilitoa kilo 20 za urani ya namna hiyo. Ni kidogo mno, lakini ni mwanzo, na mimi nilifurahi kusikia habari hiyo.

Wasikilizaji, msidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mwenzetu wa Katanga, kule Kongo, anajua kwamba jiwe la mgodi wa Shinkolobwe, lililokuwa na urani nyingi kupita jiwe lolote lililojulikana wakati ule, lilipakiwa na Wabelgiji mwaka 1940, zaidi ya tani 1,000, likawekwa ghalani New York, na kutoka hapo likaingia katika kazi iliyozaa mabombu ya mwaka 1945, wala Mkongo hakuulizwa kitu. Na hapa kwetu Tanzania, katika wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, kando ya Mto Mkuju, ipo urani ambayo haki za kuichimba zimo mikononi mwa kampuni tanzu ya Rosatom tangu Warusi walipoinunua kampuni ya Mantra mwaka 2011. Eneo hilo lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Kamati ya Urithi wa Dunia ndiyo iliyokubali mwaka 2012 mpaka wa pori hilo urekebishwe ili mgodi upate nafasi, na mkutano uliopitisha uamuzi huo, kwa sadifa ya ajabu, ulikaa mjini St Petersburg. Bei ya urani ilipoanguka mradi ukasimama, ilipopanda ukafufuliwa, na mwezi wa Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio, mkuu wa Rosatom, Alexey Likhachev, akiwapo.

Sheria ya Marekani haikulitaja jiwe la Mkuju, kwa maana yatazama urani iliyokwisha kurutubishwa, wala haitazami ilikochimbwa. Unga wa Namtumbo ukipelekwa Urusi kuzungushwa katika mashinepewa za huko, utatoka ukiwa ni bidhaa ya Kirusi, na mlango wa soko kubwa kuliko yote duniani utakuwa umefungwa mbele yake mpaka mwisho wa mwaka 2040, wala haitafaa kusema kwamba jiwe lilitoka Ruvuma. Ukirutubishwa Ufaransa au Uholanzi, hesabu ni nyingine kabisa. Tafauti hiyo ni ya fedha, nayo itaingia katika mrabaha wa serikali yetu na katika ujira wa kijana wa Namtumbo; na mwenye kuiamua ni yule mwenye kuchagua ni wapi mzigo upelekwe. Haifai kumchukia Mrusi kwa hili, wala kumpendelea Mmarekani. Lifaalo ni wabunge wetu wauombe mkataba wa Mkuju, wausome kifungu baada ya kifungu, na wapate majibu yaliyoandikwa: unga utarutubishwa nchi gani, nani atachagua mnunuzi, hasara ya soko lililofungwa itabebwa na nani, na je, Watanzania wangapi watafundishwa kazi iliyo juu ya kuchimba. Kiwanda kilichopo Namtumbo sasa ni cha majaribio, na maswali kama haya ni mepesi kuulizwa kabla ya kile kikubwa kujengwa kuliko baada yake.